Fundi Anajibu: Kitambaa Kwanza, Polishi Baadaye

Barua za safari hii zinatoka sehemu mbalimbali lakini kilio chake ni kimoja. Mtu analipenda gari lake, analisugua kwa bidii, na kadiri anavyosugua ndivyo mng'ao unavyomkimbia. Mimi nimekulia kwenye kazi hii, kwenye banda la mjomba wangu pale Gerezani, Dar es Salaam, nikianza na kopo la polishi na fulana chakavu. Najua uchungu wa kuharibu kitu ulichokusudia kukitunza. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu pale panapohitaji kirefu.

*Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia Peugeot 504 ya mwaka 1978, rangi ya maziwa. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anaipiga T-Cut, halafu nta ya Simoniz, anamalizia kwa fulana kuukuu. Iling'aa mpaka sisi watoto tulikuwa tunajitazamia mlangoni. Mwaka jana nimenunua Toyota Harrier nyeusi kutoka Japani, nikafuata njia ya baba hatua kwa hatua. Sasa jua likiwaka naona mikwaruzo ya duara gari zima, kama utando wa buibui, na kwenye ukingo wa boneti kuna baka lisilong'aa hata nifanye nini. Je, dawa za siku hizi ni feki? – Msomaji wa Moshi*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Baba yako hakukosea hata kidogo, na sidhani kama dawa ni feki. Kilichobadilika ni rangi.

Ile 504 ina rangi ya tabaka moja. Rangi yenyewe ndiyo inayoonekana na ndiyo inayong'aa. Jua linapoiunguza juu, inakufa na kuwa kama chaki. T-Cut inakwangua ile ngozi iliyokufa, na ndiyo maana fulana ya mzee ilikuwa inageuka rangi ya maziwa, na chini yake inatokeza rangi mbichi. Rangi ilipopungua mno, gari lilipelekwa kwa fundi, likapigwa nyingine juu ya ile ya zamani. Mafundi wa enzi ile walijua hesabu hiyo na wenye magari waliikubali.

Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vingi vilihamia kwenye tabaka mbili. Chini kuna rangi nyembamba ambayo peke yake haina mng'ao wowote. Juu yake inapigwa klia, laka isiyo na rangi, na mng'ao wote unatoka humo. Kinga dhidi ya jua nayo imo humo. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani mwako una kama 70. Kwa hiyo ulipokuwa unasugua Harrier kwa kampaundi, yaani dawa ya kukwangua kama hiyo T-Cut, hukuwa unafichua rangi mbichi. Ulikuwa unakula klia, na klia haioti tena.

Lile baka la ukingoni ndipo ilipokwisha. Kingo na mikunjo ya bodi huwa na klia nyembamba kuliko sehemu bapa, na mkono au mashine hukandamiza pale zaidi bila mtu kujua. Nakwambia kwa masikitiko: hakuna polishi, nta wala seramiki (ile dawa ya kisasa ya majimaji inayokauka kuwa ngozi nyembamba juu ya klia) itakayoirudisha. Boneti hiyo itahitaji kupigwa rangi na klia upya. Atakayekuuzia chupa ya kutibu baka hilo anakuuzia mafuta yatakayoondoka na mvua ya kwanza.

Mwaka 1998 yalinikuta hayo hayo. Nililetewa Mercedes ya buluu ya metaliki, nikaiwekea mashine ya kuzunguka yenye pamba ya kondoo na kampaundi ileile niliyokuwa naitumia kwenye Datsun na Land Rover. Kwenye mstari wa juu wa mlango wa nyuma nikaona weupe unatokeza. Nikadhani ni uchafu, nikaongeza nguvu. Nililipia mlango mzima kupigwa rangi, mshahara wa miezi miwili. Tangu siku hiyo sigusi gari kabla ya kulifanyia jaribio dogo, nalo ni hili: chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya fremu ya mlango. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hiyo ni tabaka moja. Kikibaki cheupe, au kikatoka na uchafu tu, kuna klia. Kama gari ni la kisasa na la metaliki usijisumbue kujaribu. Zile chembe za kumeta zinahitaji klia juu yake.

Sasa ule utando wa buibui. Hautokani na polishi peke yake. Unatokana na uoshaji. Fulana ya pamba, dodoki na ndoo moja ya maji ndio wahusika wakuu. Mchanga unatoka kwenye bampa, unaingia kwenye ndoo, unapanda na dodoki mpaka kwenye boneti, na unachora. Kwenye rangi ya maziwa mikwaruzo hiyo haionekani. Kwenye nyeusi kila mmoja unapiga kelele.

Fanya hivi. Suuza gari kwa maji mengi kabla ya kuligusa. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea kila unapomaliza pande mbili tatu za bodi. Glavu iwe ya maikrofaiba au ya sufu. Anza juu, shuka chini, na vizingiti vya chini pamoja na bampa viwe mwisho. Kausha kwa taulo nene la maikrofaiba kwa kulitandaza na kulivuta taratibu, si kwa kukwangua.

Kwa mikwaruzo iliyopo, tafuta fundi mwenye ile mashine ya kisasa ambayo sahani yake inazunguka huku ikiyumba. Haikusanyi joto mahali pamoja kama ya kwangu ya mwaka 1998. Mwambie aanze na polishi laini kabisa na sponji laini, kwenye mraba mmoja wa shubiri mbili za mkono, na aangalie matokeo. Ikitosha, aendelee hivyo hivyo gari zima. Usidai mikwaruzo yote iondoke. Ukiondoa saba kati ya kumi na kubakiza klia ya miaka kumi ijayo, umefanya kazi ya mtu mzima.

Na ile 504 tafadhali usiitupe mkono. Iache T-Cut kwa mara moja moja tu, rangi ya mwaka 1978 nayo ina mwisho. Kuna chupa ya siku nyingi ya Meguiar's iitwayo Number 7, isiyokwangua kitu, imejaa mafuta. Ipake kwa wingi na kitambaa cha taulo, iache usiku kucha, asubuhi ifute. Rudia. Rangi kavu ya tabaka moja inayanywa mafuta hayo na rangi yake inakolea mbele ya macho yako. Ndipo upige polishi laini mara moja, kisha nta ya karnauba, ile inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi. Kwenye jua letu nta hiyo itakaa wiki kadhaa, labda miezi miwili. Kwa gari la Jumapili inatosha kabisa, na nadhani mzee angefurahi.

*Salamu kutoka Mombasa, fundi. Nina Probox nyeupe ya biashara, huegesha karibu na reli. Nilipeleka kwa kijana wa kupiga polishi, nikaona kitambaa chake kinatoka cheupe pe. Nikamwambia unanimalizia rangi, akasema ni kawaida. Pia gari lina vidoti vya kahawia kama kutu, hasa nyuma, havitoki kwa sabuni. Je, bodi inaoza? – Baba Probox*

Baba, kijana hakukudanganya. Angalia kwenye kibati cha gari chini ya boneti au kibandiko cha nguzo ya mlango, utafute namba ya rangi. Ukikuta 040, hiyo ni nyeupe ya Toyota ambayo mara nyingi hupigwa bila klia. Ni rangi ya tabaka moja kama ya zamani, ndani ya gari la kisasa. Weupe utatoka kwenye kitambaa kila ukipolishi. Kwa gari jeupe, lile jaribio langu lifanye kwa kitambaa cheusi, la sivyo hutaona kitu. Ila mwambie asitumie kampaundi kali kila mwezi. Mara moja kwa mwaka kwa polishi laini inatosha, kisha apake kinga.

Vidoti vya kahawia kwa gari lililoegeshwa karibu na reli ni chembe za chuma. Magurudumu ya treni yanasaga reli, breki za magari nazo zinasaga diski, na unga huo wa chuma unatua kwenye rangi ukiwa wa moto au mkali, unang'ang'ania, kisha unashika kutu pale pale ulipo. Bodi haiozi, ni ile chembe ndiyo yenye kutu. Ila ukiiacha miaka itachimba.

Zamani tulikuwa tunavitoa kwa wembe, au kwa kampaundi, au mtu anachukua msasa wa maji. Tulikuwa tunaondoa rangi nzima ili kuondoa kidoti. Hapa ndipo dawa za kisasa zimenishangaza kweli. Kuna kimiminika cha kuondolea chuma ambacho unakipulizia kwenye gari lililooshwa, kivulini, bodi ikiwa baridi. Baada ya dakika mbili tatu kila palipo na chuma panaanza kutiririka zambarau. Kinaungana na chuma peke yake, rangi hakiigusi. Mara ya kwanza nilipoiona kwenye gari jeupe nilisimama kimya. Miaka yote ile ya wembe!

Kina harufu ya mayai yaliyooza, kwa hiyo fanyia nje na uvae glavu. Usikiache kikaukie. Suuza kwa maji mengi. Vidoti vitakavyobaki, maliza kwa donge la udongo wa kusafishia rangi, uvumbuzi wa Wajapani. Unalowesha bodi kwa maji ya shampuu, unalitelezesha donge kwa vidole viwili bila kukandamiza, linanasa kilichojitokeza juu ya rangi. Likikudondoka chini, litupe. Usiliokote na kuendelea, maana limeshaokota mchanga.

*Fundi, mimi nakaa Upanga. Mlinzi wetu ni mtu mwema sana, kila alfajiri anafuta vumbi la magari yote kwa kitambaa kikavu kabla hatujaamka. Siwezi kumkatalia. Tena juu ya maegesho kuna mti wa kunguru. Nifanye nini? – Mama wa Upanga*

Dada yangu, mshukuru mlinzi kwa moyo wote, kisha mpe kazi nyingine. Vumbi la Dar ni mchanga, na kitambaa kikavu juu ya mchanga ni msasa. Nimewahi kuona gari la miaka mitatu limefifia upande mmoja tu, ule ulioelekea kibanda cha mlinzi. Mnunulie chupa ya kupuliza yenye shampuu ya kuoshea bila kusuuza iliyochanganywa na maji, na taulo sita za maikrofaiba. Apulizie hadi vumbi lilowane, asubiri kidogo, apitishe taulo mara moja kwa njia moja, akunje upande safi. Taulo zifuliwe peke yake, bila dawa ya kulainishia nguo, kwa sababu dawa hiyo inaziba nyuzi na taulo linaacha kunyonya.

Kuhusu kunguru: hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka Bara Hindi, na tangu hapo pwani nzima ni yao. Kinyesi chao kina tindikali. Kwenye jua klia inalainika kidogo, kinyesi kinakauka na kukaza juu yake, na jioni klia inapopoa inabaki na alama ya kinyesi kama muhuri. Kwa hiyo usikwangue kwa kucha wala kwa karatasi. Lowesha kitambaa, kiweke juu ya kinyesi dakika tano, kiinue na uchafu wote. Fanya asubuhi hiyo hiyo, usingoje Jumamosi. Kama kuna nafasi nyingine ya kuegesha isiyo chini ya mti, iombe.

*Shikamoo. Huku Mwanza vijana wa kuosha magari wanatumia sabuni ya unga, halafu wanapaka dizeli kwenye matairi na plastiki ili ziwe nyeusi. Mume wangu anasema ndivyo ilivyokuwa toka zamani. Ni sawa? – Mama wa Nyegezi*

Marahaba. Si sawa, na kwa heshima zote mwambie shemeji yangu hivyo. Sabuni ya unga imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, kwa hiyo inang'oa nta yote kwenye rangi, na urembo wa alumini inaufanya ufifie. Dizeli inaonekana nzuri siku moja. Raba inainyonya na kulainika, vumbi lote la barabara linanata, na ikichuruzika hadi kwenye diski za breki ni hatari ya maisha. Nunua dawa ya matairi iliyotengenezwa kwa maji, ile nyeupe kama maziwa. Inapakwa kwa sponji, na plastiki za nje inazifaa pia.

*Fundi, shikamoo. Nina umri wa miaka 24, niko Dodoma, nataka kufungua kazi ya kupaka seramiki. Muuzaji anasema chupa yake ni 9H, ngumu karibu na almasi, haikwaruziki, mteja hataosha gari tena kwa miaka mitano. Nimeanza kukusanya mtaji. Unanishauri nini? – Kijana wa Dodoma*

Marahaba, kijana wangu. Nimefurahi umeuliza kabla ya kulipa.

Hiyo 9H ni kipimo cha penseli. Wanachukua penseli za kuchorea, kuanzia laini hadi ngumu, wanazikokota juu ya rangi kuona ipi inaacha alama. Penseli ngumu kabisa katika seti ndiyo 9H. Almasi haihusiki, na wala ufunguo, jiwe au mchanga wa barabara ya Dodoma hauogopi penseli. Seramiki yenyewe ikishakauka ina unene wa maikroni moja au mbili, pengine chini ya hapo. Linganisha na ule unywele. Itakwaruzika.

Ila usinielewe vibaya, naipenda kazi hiyo na naifanya. Seramiki nzuri inashikana na klia, haiondoki kwa shampuu kama nta, inastahimili kinyesi cha ndege na utomvu wa miti kwa muda mrefu zaidi, na matope yanatoka kwa presha ya maji tu. Uoshaji unakuwa mwepesi, na mtu akiosha kwa wepesi anakwaruza kidogo. Faida yake halisi ndiyo hiyo. Mwambie mteja hivyo hivyo, na umwambie kwamba ataendelea kuosha gari. Atakuheshimu, na baada ya mwaka atarudi kwako akiwa rafiki, si akiwa na malalamiko.

Kuhusu mtaji, chupa ya seramiki iwe kitu cha mwisho kununua. Cha kwanza ni kipimo cha unene wa rangi. Kinawekwa juu ya bodi na kusoma maikroni. Gari la kiwandani kwa kawaida litakusomea kati ya 100 na 140, rangi yote pamoja. Hakiwezi kukutenganishia klia na rangi ya chini. Ukikuta 200 au 300, mlango huo umeshapigwa rangi. Ukikuta zaidi ya 500, chini kuna fila, ule uji mzito wa kuziba mabonde ya bodi. Ukikuta 80, weka mashine chini na ufanye kwa mkono. Andika namba hizo kwenye karatasi mbele ya mteja kabla hujaanza. Laiti ningekuwa nacho mwaka 1998.

Na kwetu huku kuna jambo ambalo video za Ulaya na Marekani hazikufundishi. Magari mengi yamepigwa rangi mtaani, na rangi ya NC (nitroselulosi) iliyochanganywa na tina, nayo inakauka kwa tina kupaa tu. Kabla ya kupaka seramiki au kupiga mashine, chukua tone la tina kwenye kitambaa, gusa mahali palipofichika. Rangi ikilainika na kutoka, hiyo ni NC. Isipotoka, ni 2K, yaani rangi inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), au ni ya kiwandani. NC haipendi joto la mashine wala viyeyusho vikali. Iwekee nta tu, na umweleze mwenye gari sababu.

Kazi yenyewe iko hivi: osha, toa chuma, pitisha udongo, piga polishi, kisha futa mafuta yote ya polishi kwa pombe ya kusafishia iliyopunguzwa makali. Hapo umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi na chupa bado haijafunguliwa. Seramiki itaziba kila ulichokiacha, uzuri na ubaya. Ipake eneo dogo dogo. Kwenye joto inakauka haraka. Utaona rangi za upinde wa mvua juu ya bodi, hapo ifute kwa maikrofaiba mbili, ya pili ikiwa safi. Ukichelewa inakuwa mabaka magumu ambayo hayatoki ila kwa polishi, na utarudi mwanzo. Fanya kazi alfajiri, ndani, sakafu ikiwa imeloweshwa ili vumbi la Dodoma litulie. Gari lisiguswe na maji kwa saa 24, wala shampuu kwa wiki nzima.

Anza na gari lako mwenyewe, au la ndugu. Nenda kwa fundi rangi ukaombe boneti mbovu, ujifunzie juu yake mpaka uitoboe klia kwa makusudi, ili macho yako yajue inavyofanana sekunde chache kabla haijatoboka. Mimi nilijifunza hayo kwenye gari la mtu.

*Assalaam alaykum fundi. Niko Muscat. Gari langu ni jeusi, jua hapa huwezi kuweka mkono juu ya bodi, na nikiosha tu maji yanakauka na kuacha madoa meupe ya duara. Babu yangu Zanzibar alikuwa akitumia siki. Bado inafaa? – Bin Unguja*

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Babu yako alijua alichokifanya. Madoa hayo ni chokaa na chumvi za maji zinazobaki maji yakishapaa, na siki ni tindikali hafifu inayoziyeyusha. Sisi wa pwani tunaoosha kwa maji ya kisima tuna tatizo lilelile. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, loweka kitambaa, kiweke juu ya doa dakika moja au mbili, suuza vizuri, kisha paka nta upya kwa sababu siki inaidhoofisha. Fanya bodi ikiwa baridi. Kama doa limeshakula klia utaona shimo jepesi, na hapo siki haisaidii tena, ni polishi.

Lakini kwako dawa kubwa ni kuacha kutumia maji mengi. Ile shampuu isiyosuuzwa niliyomtajia mama wa Upanga, kuna aina inayochanganywa kwa kiwango cha 1 kwa 256, yaani kama mililita 40 kwenye ndoo ya lita 10. Utelezi wake unafunika mchanga na kuubeba. Loweka taulo nane kwenye ndoo hiyo, tumia kila upande mara moja, taulo chafu usilirudishe ndoani, na kausha sehemu hiyo hiyo kabla hujahamia nyingine. Tia maji yaliyochujwa kama unayo nyumbani. Fanya baada ya Isha au kabla ya jua kuchomoza, na ndoo moja itakutosha gari zima. Kama mchanga umelala mzito baada ya upepo, upulizie kwanza au upitie sehemu ya presha, usiufute hivyo hivyo.

*Fundi, kuna anayesema dawa ya meno inasafisha taa za mbele zilizogeuka njano. Kweli? – Dereva wa Tanga*

Inasafisha, kwa wiki chache. Taa hizo ni plastiki, na kiwandani zilipakwa laka ya kuzuia jua. Njano ni laka hiyo iliyokufa. Dawa ya meno ina chembe za kukwangua, inaondoa njano pamoja na kinga iliyobaki, na plastiki tupu inaungua upesi kuliko mwanzo. Piga msasa wa maji, anza na 800, halafu 1500, halafu 3000, ukilowesha muda wote na kuziba bodi ya pembeni kwa utepe wa karatasi. Kisha polishi, kisha futa kwa pombe, na siku hiyo hiyo paka laka mpya ya taa yenye kinga ya jua au klia ya 2K kutoka kwa fundi rangi. Klia ya 2K ipulizwe na mwenye barakoa ya kemikali, kwa sababu hadina yake inaumiza mapafu. Kama huna laka ya kupaka siku hiyo, usianze kupiga msasa.